Ukurasa wa Nne Ambao Sikuufungua

Kuna njia ya kwenda sokoni hapa Katoro, ile inayokatiza kwenye mitumba, ambayo siku hizi siipiti, nazunguka kwa nyuma kama mtu anayekwepa mbwa, na kabla hamjaanza kusikia toleo la wengine ni bora niwaeleze mwenyewe, maana aibu ikisimuliwa na mwenyewe angalau inapunguzwa kidogo (mimi ni dalali, kupunguza ni kazi yangu), ila hii yangu nimeigeuza kila upande na haipungui hata senti.

Jina langu Maduhu. Sina gereji wala sijasomea ufundi; nina kibanda kando ya barabara ya mnadani, viti viwili vya plastiki, na mdomo. Mtu akitaka gari namtafutia, akitaka kuuza namtafutia mnunuzi, na gari likija nalizunguka mara mbili, nanusa oili mara mbili, nahesabu nati za magurudumu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza jicho linaona linachotaka. Kile kidogo ninachokijua kuhusu kilicho chini ya boneti nilikipata kwenye Kijiwe cha Magari.

Kijiwe lilikuwa jukwaa la mtandaoni, enzi zile watu bado wana subira ya kusoma. Ukiuliza asubuhi kwa nini gari lako linakohoa, mchana una majibu kumi na moja: matatu matusi, sita ya kubahatisha, mawili ya maana, na katika hayo mawili moja lilikuwa la mtu aliyejiita Plagi Nne. Hakuna aliyemjua. Tulimwita "mkuu" kama tulivyoitana wote, na kila jibu alimalizia hivihivi: "Gari halina uchawi, lina sababu." Na Kijiwe kilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa, kwamba aliyeuliza lazima arudi alete mrejesho, imepona au haijapona, na asiporudi anatafutwa hadharani: "Mkuu, gari lilipona au lilikumaliza?" Ndiyo maana mada moja ilifika kurasa tatu, nne, tano. Jibu la kwanza mara nyingi lilikuwa na kasoro. Ukweli ulikuwa unakaa mwishoni, baada ya watu kujaribu, kuunguza fyuzi na kurudi kulalamika.

Halafu yakaja magrupu ya kwenye simu, zikaja video za dakika moja, watu wakahama mmojammoja bila kuaga, na mimi nikiwemo. Mara ya mwisho napita Kijiweni nilikuta tangazo la dawa ya mvuto wa biashara na maswali mawili ya mwaka juzi yasiyo na jibu.

Lakini majibu ya zamani yalikuwa bado yapo, na mimi nikaona shamba lisilo na mlinzi. Nikaanza kuvuna. Nachukua jibu la Plagi Nne la ukurasa wa kwanza, nalisema mbele ya simu nikiwa nimevaa ovaroli (nililonunua mitumbani, lina jina la mtu mwingine kifuani), namalizia na "gari halina uchawi, lina sababu" kana kwamba nimelizaa mimi, basi watu wanafurahi. Wakaniita Dokta Maduhu. Sikukataa. Nani anakataa udokta usio na mtihani?

Udokta huo ndio ulimleta Mzee Shija. Huyu ana maduara mawili, mashimo ya kuchimba dhahabu, huko upande wa Geita, na alikuwa anataka pikapu nne za kubebea mawe, zile tunazoziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni. Madalali wote wa Katoro tulikuwa tunaliwazia jambo hilo hadi kwenye sala. Akanipigia:

"Maduhu, mkonga wangu wa zamani umegoma. Rimoti ya alamu imetumbukia kwenye maji ya duara, sasa alamu haijui kama mimi ndiye mwenye gari. Siku ya mnada nakuletea ukiwa umevutwa. Ukiuwasha, yale magari manne unakwenda kunichagulia wewe. Usipouwasha, tusisumbuane."

"Mzee, huo umeshawaka," nikasema.

Nikaingia Kijiweni. Mada nikaipata haraka, ina kurasa nne, na ukurasa wa kwanza Plagi Nne kaandika: chomoa waya wa hasi wa betri, subiri dakika kumi, rudisha, alamu itasahau. Chini yake asante thelathini na moja. Nikabonyeza ukurasa wa pili, simu ikazunguka, ikazunguka, mtandao ukakata. Na mimi, mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, nikajiambia asante thelathini na moja haziwezi kukosea, nikafunga simu nikaenda kupiga pasi ovaroli. Hapo ndipo lilipoanzia, kwenye pasi.

Siku ya mnada mkonga ukafika ukiwa umefungwa kamba. Watu wakajaa. Ningeweza kuifanya kazi ile kimya kimya, lakini Dokta hafanyi kimya kimya. Nikaegemeza simu kwenye kreti la soda nikaingia laivu. Nikamsalimia Mzee Shija shikamoo kwa sauti ya kusikika mtandaoni, nikafungua boneti, nikashika spana.

Akajitokeza mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, mfuko wa bidhaa begani.

"Mwanangu, kabla hujachomoa betri," akasema kwa upole, "hiyo mada umeisoma mpaka mwisho?"

Nilidhani ni wale wapita njia wenye maoni. Na simu inaangalia. Nikageuka nikacheka kile kicheko cha madaktari.

"Mama yangu, hapa ni mambo ya mafundi. Vitenge vipya vimeshuka upande ule, nenda ukawahi."

Watu wakacheka. Mama hakucheka wala hakuondoka. Alishusha mfuko wake chini tu.

Nikachomoa waya.

Jamani. King'ora kile kilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwenye kitu kisicho na mapafu. Betri nimeichomoa, imelala pale haina kazi, na king'ora kinalia! Nikarudisha waya haraka. Kikaendelea, na sasa na taa zote zinawaka na kuzima. Nikachomoa tena. Nikapiga boneti ngumi. Nilijaribu hata kupatana nacho ("basi, basi, yameisha"), nasikika vizuri kwenye video, imehifadhiwa na watu wasionitakia mema.

Wakati huohuo ng'ombe walikuwa wanaswagwa kuelekea mnadani. Kumi na wanne, nilipata kuwahesabu wakiwa bado na adabu. Waliposikia ile sauti wakageuza vichwa wote kwa pamoja, wakavamia mitumba. Dume mmoja aliingia kwenye kibanda cha magauni upande huu, akatokea upande ule na sidiria kwenye pembe, anakimbia nayo kama bendera. Mwenye ng'ombe anamfuata huku ananinyooshea fimbo:

"Wewe dokta! Mnyamazishe mgonjwa wako!"

"Mpe dripu!" mwingine akapokea.

Mzee Shija alikuwa amesimama, mikono nyuma, haniangalii mimi, anaangalia saa.

Yule mama akanisogeza kwa kiwiko, kama unavyosogeza kiti. Akaingiza mkono nyuma ya taa, akapapasa, akamgeukia Mzee Shija.

"Baba, kwenye funguo zako hakuna kifunguo kidogo cha mviringo?"

"Kipo. Sijui ni cha nini. Nilidhani cha kasanduku."

Akakichukua, akainama, akazungusha. Kimya. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwa sababu sasa watu waliweza kuniangalia bila kuziba masikio. Mama akarudisha waya wa betri, akapanda kwenye gari, akapapasa chini ya usukani, akawasha swichi na kubonyeza kitufe kilichofichwa cha kuzima alamu, na mkonga ukaunguruma kama haujawahi kuumwa. Akashuka akifuta mikono kwenye gazeti.

"Gari halina uchawi," akasema, "lina sababu."

Umati ukashangilia. "Heee! Mama naye anamwiga Dokta!"

Ndugu zangu, yote niliyoyasimulia mpaka hapa ni hasara tu. Aibu ni hii. Mama aliniangalia. Hakukasirika, mtu akikasirika dalali anapata pa kushika. Alisubiri tu, na mimi nilikuwa nimeshaelewa ni nani, na nafasi ya kusema ilikuwepo, ndefu, ningeweza kusema hata neno moja. Nikainama kuokota spana. Nikamwacha aitwe mwigaji wa maneno yake mwenyewe.

Simu ilikuwa bado laivu kwenye kreti. Mzee Shija akaiinamia, akavaa miwani, akaanza kusoma maoni kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya msiba.

"'Wakuu, huyo si Plagi Nne wa Kijiwe?' Mwingine: 'Plagi Nne ni mama? Miaka yote namwita mkuu!' Mwingine: 'Mkuu, mimi yule wa Buseresere, uliniokolea injini, sikurudi kukwambia, ilipona.'" Yaliendelea kuja. Watu wa Kijiwe, majina ambayo sikuyaona kwa miaka, wanasalimiana, wanaulizana magari, wote wamekusanyika kwenye aibu yangu. Mzee akavua miwani.

"Maduhu. Yale maneno ni ya nani?"

"Ni ya... ya Kijiwe, mzee."

"Kijiwe hakina mdomo. Ya nani?"

"Ya huyu mama."

Huyu mama ni Mama Kabula, anauza vipuri Masumbwe. Alikuja mnadani kwa shughuli zake, akaona bora apite amwone kijana anayesema kwa sauti yake. "Sikuja kukugombeza," akaniambia. "Majibu niliyaweka pale yatumike. Ila kila Jumapili nikitoka kanisani naingia Kijiweni kuangalia kama kuna aliyerudi kusema imepona. Miaka miwili, hakuna. Nikadhani hayasaidii tena mtu." Akaokota mfuko wake. "Kumbe yanasaidia. Ungeandika hata mstari mmoja, mwanangu."

Mzee Shija akamsogelea.

"Wabeja, mayu," akamshukuru kwa Kisukuma, kisha akaingia kwenye Kiswahili ili nami nisikose: "Nina pikapu nne za kuchaguliwa. Tuongee."

Kesho yake nikatafuta sehemu yenye mtandao, nikaufungua ukurasa wa nne. Mama Kabula aliandika pale, miaka mingi iliyopita, bila kuzunguka: "Wakuu, nilikosea kule mwanzo. Baadhi ya ving'ora vina betri yake ndani. Mniwie radhi." Mistari mitatu, mbele ya watu wote, na hakufa. Mimi ilinichukua siku nzima kuandika yangu chini yake. Nilifuta mara tano, kila nikisoma naona nimejipunguzia, mpaka ikabaki kwamba niliiba majibu, nikamtukana mwenye nayo, na nikanyamaza alipochekwa. Nikaweka na jina langu kamili. Video zile nimezifuta; ile ya king'ora siwezi, iko kwenye simu za watu.

Pikapu nne zilifika mwezi uliofuata. Nasikia ni nzima. Mimi bado ni dalali, bado nina viti viwili, na nimeapa kitu ambacho dalali mwenye akili asingeapa: jibu likiwa la mtu, jina lake linanitoka kabla ya jibu, hata kama mteja ataniacha amfuate yeye. Wawili wameshaniacha hivyo. Njia ya Masumbwe nimewaelekeza mwenyewe.