Toti Nne Kabla ya Lusaka

Mikaeli Shekiondo alikuwa fundi wa kitalu cha miti Lushoto, mtu wa maneno machache, mwimba besi kanisani. Hadi anatimiza miaka thelathini na minane, kileo pekee alichokuwa amekionja kilikuwa divai ya Chakula cha Bwana. Kitaluni walimsifu kwa pua yake. Ukimpa gome kavu alinusa mara moja akakutajia mti.

Mwaka 1973 alichaguliwa kwenda Lusaka wiki mbili, kwenye mafunzo ya kuotesha misonobari. Hakuwahi kupanda ndege, lakini si hilo lililomnyima raha. Baba yake, mzee Sefania, alikuwa kitandani tangu masika, kifua kimembana, na mganga wa zahanati alikuwa ameanza kusema na familia kwa sauti ya chini.

Siku ya kuagana, Mikaeli aliketi ukingoni mwa kitanda akamwuliza baba yake amletee nini. Mzee akasema angependa kuonja tena kile kinywaji cha Burma.

Nyumbani walikijua kwa masimulizi. Sefania alipigana Burma akiwa kijana. Siku moja, walipokwisha kuvuka mto, sajini wa Kizungu aliwapitishia askari chupa, kila mmoja kifuniko kimoja. Sefania alikunywa nusu, nusu akampa rafiki yake Silvano wa Mlalo, aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Silvano hakurudi Usambara.

"Ni wiski, tate," Mikaeli alisema. "Ila zipo nyingi. Ilikuwa inaitwaje?"

"Jina sikuuliza. Ilinukia moshi wa kuni za mkulo zilizonyeshewa, na dawa ya kidonda."

Alipelekwa Dar es Salaam na Rajabu, dereva wa kitalu, ambaye baada ya kupakia mbegu angerudi Lushoto. Uwanja wa ndege waliambiwa ndege imechelewa saa mbili. Ukumbini palikuwa na baa ndogo, na aliyehudumu alikuwa mama wa makamo aitwaye Mwanaisha. Mikaeli alisimama kando mpaka wateja wakapungua, ndipo akasogea.

"Dada, natafuta wiski inayonukia moshi."

"Moshi wa nini, kaka?"

"Wa kuni mbichi. Na dawa ya kidonda."

Mwanaisha alimtazama kuona kama anatania. Mikaeli akamweleza habari za baba yake, na mama yule akashusha chupa nne, akammiminia toti ya kwanza.

Ile ya kwanza ilikuwa na utamu wa sukari iliyoungua. Ya pili ilimwunguza koo, harufu hakuna. Ya tatu aliinusa muda mrefu, akasema hii imekaa ndani ya mti, ila ni mti asioujua. Ya nne hata kabla haijafika mdomoni ilimjaza macho machozi. Moshi ulikuwemo, na ile dawa ya kidonda, na kitu kama udongo wa bondeni. Alimeza. Kwa mara ya kwanza alimwona baba yake akiwa kijana, mbali na kwao, amelowa.

"Ndiyo hii," alisema.

Baa haikuruhusiwa kuuza chupa nzima. Mikaeli alikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi mfukoni. Mwanaisha alikisuuza kwa maji ya moto mara tatu, akamimina humo toti mbili, akakikaza.

Rajabu alikuwa bado nje. Mikaeli alijua kuwa Mwislamu yule hapendi hata kukaa karibu na pombe, akamwomba kwa aibu akipeleke nyumbani. Rajabu alikipokea kichupa, akakifunga kwa leso, akakitia mfuko wa shati.

"Ni dawa ya mzee," alisema. "Nitampa mkononi mwake."

Ndani ya ndege Mikaeli alilala kabla haijaruka. Safari yake ya kwanza angani hakuona hata wingu.

Lusaka alijifunza misonobari huku akihofia simu ya upepo ya msiba kutoka nyumbani. Kila karani alipoingia darasani, Mikaeli aliacha kuandika. Haikuja. Wiki mbili zilipokwisha alirudi, akapanda mlima kwa basi, akaingia nyumbani moja kwa moja mpaka chumbani kwa baba yake. Kitanda kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa.

Mkewe, Klara, aliingia akamshika mkono. "Yuko Mlalo," alimwambia. Mzee alikionja kile kinywaji, na siku ya tatu akaomba uji na shati safi. Kisha akamwomba Rajabu ampeleke kwa kina Silvano, mahali ambapo tangu arudi vitani bila rafiki yake, miaka karibu thelathini, hakuthubutu kwenda.

Mikaeli alimkuta huko kesho yake, amekaa uani na mama mmoja mzee, Yunis, dada wa Silvano. Walikuwa wanapukuchua maharage. Yunis alikuwa amelia, ilionekana, lakini sasa alikuwa akiuliza kama kweli kaka yake alikuwa akikoroma hata vitani.

"Shikamoo tate."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo yenyewe ile. Ulionja ngapi mpaka ukaipata?"

"Nne."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Yunis akamletea maji, akamsugua mgongo.

Sefania aliishi mwaka mmoja zaidi. Siku ya maziko Yunis alikuja kutoka Mlalo na mkeka wake, akaketi na wanawake wa ukoo, wala hakuna aliyemwuliza ni nani.