Nguzo za Ua Zilizokimbia

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, nikiendesha lori la maziwa kutoka Sugoi kuja Eldoret. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, nami nilikuwa na haraka. Mbele niliona nguzo za ua zimejipanga kando ya lami kama siku zote. Nilipozikaribia, nguzo ziliruka mtaroni.

Nilikanyaga breki hadi mikebe ya maziwa ikagongana kule nyuma. Kumbe walikuwa wakimbiaji, vijana kumi wa mazoezi ya alfajiri, na tairi langu lilisimama pale pale alipokuwa msichana wa mwisho kabla hajaruka. Mwaka mzima nilikuwa nimezipita nguzo hizo, hata nikimsifu moyoni mwenye shamba kwa ua wake mzuri.

Kocha wao, Mzee Kiptoo, alikuja kwenye mlango wa lori, akaupiga kwa ngumi.

"Kijana, zima gari. Ulidhani hawa ni nini?"

"Nguzo, Mzee."

"Na leseni ulipata wapi?"

"Nilifaulu mtihani, Mzee. Hata ule wa macho. Herufi zote nilikuwa nazo kwa kichwa."

"Kwa kichwa? Hukuziona?"

"Kwani kuna mtu huziona?"

Usinicheke. Sisi tulikariri alama za barabarani, tukakariri ule ubao wa mji wa mfano wa kupimia madereva na vigari vyake. Aliyetangulia kupimwa macho alitoka akatufundisha herufi palepale kwenye foleni, kama katekisimu. Nilidhani huo ndio mtihani. Nilidhani kila mtu anaishi katika ukungu ninaoishi mimi, na dereva hodari ni yule anayeuzoea.

 Mzee Kiptoo aliniomba ufunguo, akashika usukani mwenyewe mpaka mjini. Tuliposhusha maziwa alinipeleka kwa daktari wa macho. Daktari alinivalisha miwani ya kupimia, nzito kama hatamu ya punda, akaniambia nisimame mlangoni nitazame nje.

Mwanangu, ng'ambo ya barabara kulikuwa na mkaratusi. Nilikuwa nimeuona tangu utotoni kama moshi wa kijani juu ya gogo. Siku hiyo ulikuwa na majani! Jani moja moja, mpaka kileleni, na kila moja likicheza kivyake. Nilishika mwimo wa mlango. Nikamgeukia Mzee Kiptoo, nikaona ndevu zake nyeupe, udevu kwa udevu, na machozi yaliyokuwa yakimlengalenga. Nililia mbele za watu, na hata leo sioni haya kusema.

Wiki iliyofuata nilikutana tena na wakimbiaji. Yule msichana wa mwisho alikuwa na mwanya, na pumzi yake ilitoka nyeupe kwenye baridi. Alinipungia mkono. Sura nzima ya mtu, sauti yake, watoto watakaomwita mama, na mimi nilikuwa nimeviita nguzo. Sijawahi kuogopa vile, wala kumshukuru Mungu vile.

Sasa nasikia serikali inataka kubadilisha viwango vya afya kwa madereva: macho, kifafa, sukari, na wazee kama mimi turudi kupimwa mara kwa mara. Huko steji, kituoni mnakokaa na madereva, mnanung'unika kwamba ni usumbufu, eti ajali haina kinga. Juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya herufi za macho, ukacheka, ukasema, "Mzee, hizi nimeshazishika zote kwa kichwa." Mimi sikucheka. Nilisikia mikebe ikigongana.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo walivyosema wahenga, lakini dereva akificha, kifo hupita kwake kikaenda kwa mwingine. Kwa hivyo nakusihi, futa picha hiyo. Nenda ukapimwe mikono mitupu. Usichokiona, sema hukioni; aibu yake haifiki jioni. Ukiambiwa uvae miwani, vaa. Ukiambiwa hapana, kubali, kama nilivyokubali mimi mwezi jana daktari aliponiambia lori sasa basi. Ufunguo wake ninao hapa mfukoni, nakungojea wewe, lakini utaupata ukirudi na cheti cha kweli.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kila jani, na kila anayekimbia kando ya barabara arudi kwao akiwa na pumzi yake.