Mama Vioo na Gari Lililoona Kila Kitu

Inatangazwa kwa umma, kwa unyenyekevu mkubwa na baada ya kukohoa kidogo, kwamba lile tatizo la gari la pembeni kumpotea dereva kwenye vioo vyake, tatizo lililowakondesha mainjinia wa nchi tajiri, lilipata ufumbuzi ndani ya saluni ya nywele, kati ya ndoo ya taulo chafu na draya inayonguruma kama trekta. Mgunduzi ni mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kufungua milango. Sanamu yake bado haijasimamishwa. Watu wana roho mbaya.

Mtaani anaitwa Mama Vioo. Ni msusi, na saluni yake ina kioo mbele ya mteja, kioo ubavuni, na kile cha mkononi ambacho humwonyesha mteja kisogo chake kazi ikiisha. Sheria ya pale ni moja tu: mteja hageuzi kichwa.

"Tulia hapo! Ukigeuka nakuunguza," husema. "Ukitaka kuona nyuma, si nitakuonyesha mwenyewe?"

Ameikariri sheria hiyo kwa maharusi, walimu wakuu na wake za wakubwa mpaka ikamwingia kwenye mifupa. Kwa hiyo alipojifunza gari ukubwani, aliingia nayo kwenye usukani. Aliendesha shingo imenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Ya mbele aliyaona, ya nyuma aliyaona. Yaliyokuwa ubavuni pake hayakumhusu.

Mumewe ni fundi saa, mtu mpole anayeongea taratibu kana kwamba kila neno lina skrubu ndogo.

"Mke wangu," alimwambia siku aliyolikwangua gari la mikate, "lile gari lilikuwa pembeni yako tangu kwenye mzunguko."

"Halikuwepo! Nimeangalia vioo vyote. Limeshuka kutoka juu."

"Na mikate yake?"

"Na mikate yake."

Fundi saa akavuta pumzi, akatoa hukumu: ukikwangua tena, ufunguo unarudi mfukoni kwangu.

Hapo mama wa watu alipata kiwewe cha kweli. Gari lile ndilo lililompeleka nyumbani kwa maharusi na mapasi yake ya nywele, mawigi yake na makorokoro yake yote. Kabla ya gari alikuwa akiomba lifti kwa jirani mfuga kuku. Alikuwa anafika kumpamba bibi harusi akiwa na manyoya kichwani, na mama wa bibi harusi anamtazama kama aliyetaga njiani. Kurudi kwenye ile pikapu ya kuku? Bora afunge saluni.

Akafanya ambacho msusi yeyote angefanya: akaongeza vioo. Alivibandika kwenye dashibodi, kwenye nguzo za milango, na kingine cha duara, cha kupakia poda, akakisimika juu ya boneti. Watoto walijipanga kujitazama wakiwa wengi. Trafiki mmoja alimsimamisha kwa hasira, akajiona kwenye kimojawapo, akanyoosha kofia, akageuka kushoto na kulia akijipenda, kisha akasahau alichomsimamishia. "Nenda salama, mama."

Tatizo ni kwamba vioo vilikuwa vimeziba madirisha. Gari liliona kila kitu, dereva hakuona kitu. Akaingia nyumbani akitabasamu kwenye vioo vyote kwa pamoja, na akalisugua geti lake mwenyewe kuanzia bampa ya mbele mpaka ya nyuma, mumewe akiwa amesimama palepale ameshika komeo.

Fundi saa aliliachia komeo. Alinyoosha kiganja tu.

"Baba, nisikilize," alisema mkewe, ameuficha ufunguo mgongoni. "Mdogo wako si mwalimu wa udereva? Anifundishe mpaka Jumamosi, halafu anipime. Akisema sifai, nakupa ufunguo na kuku nawapanda."

Shemeji akaja saluni, mwembamba, mwenye subira ya mtu aliyekwishagongwa na wanafunzi wengi.

"Shemeji, leo unakaa wewe," akaonyesha kiti cha mteja.

"Unanisuka?"

"Nakupima. Angalia kioo cha mbele na cha pembeni. Kichwa usigeuze, hiyo si ndiyo sheria yako? Sasa nakuja kutoka mlangoni."

Akachukua fagio, akaanza kutembea.

"Unaniona?"

"Nakuona. Na suruali inakupwaya."

"Sasa?"

"Nakuona kwenye cha pembeni. Unapita... Ee, umeenda wapi?"

"Niko hapa," alisema shemeji, na mpini wa fagio ukamgusa sikio.

Mama Vioo aliruka mpaka kiti kikazunguka. Mteja aliyekuwa chini ya draya akacheka, roli zikamdondoka.

"Sasa wewe fagio umelikosa," alisema shemeji. "Gari la mikate ungelipataje?"

Wakatoka nje kwenye gari. Kwanza vikang'oka vioo vyote vya ziada. Kisha vikashuka vichwa vya plastiki vyenye mawigi, vilivyokuwa vimepangwa kwenye dirisha la nyuma kama abiria wanaogombana. Kiti kikapandishwa. Halafu shemeji akamwambia alaze kichwa mpaka karibu na dirisha lake, asukume kioo cha upande huo kwenda nje mpaka ubavu wa gari uonekane ndani yake kama uzi tu. Kwa upande wa pili aegemee katikati ya gari, afanye vilevile.

"Nikikaa sawa silioni gari langu!" alilalamika.

"Shemeji, gari lako umekaa ndani yake. Haliendi popote bila wewe. Unalichungulia la nini?"

Akamruhusu vioo viwili vidogo vilivyobinuka, kimoja kwenye pembe ya kila kioo cha ubavuni, kama kumpa mtoto pipi baada ya sindano.

"Na bado kuna mahali watajificha," akaongeza. "Indiketa, kioo, halafu unatupa jicho juu ya bega. Kidevu tu. Usigeuke mwili mzima kama umeitwa jina sokoni."

"Kidevu," alirudia Mama Vioo, kwa huzuni ya mtu anayeambiwa abadili dini.

Jumamosi wakaingia barabara kubwa. Shemeji kando yake, kimya kama walivyokubaliana. Fundi saa nyuma, mikono magotini, midomo inatembea kwa dua. Ikafika pa kuhama njia. Mama Vioo akawasha indiketa. Akaangalia kioo: peupe. Akaangalia kile kidogo: peupe, au kuna kivumbi. Usukani ukaanza kwenda, shingo imegoma.

"Geuka, mwanamke," alijiambia kwa sauti. "Hakuna pasi ya moto humu."

Kidevu kikageuka. Palepale begani, karibu kiasi cha kusalimiana kwa mkono, kulikuwa na kigari cheupe kimejaa wanakwaya, madirisha wazi, wote wanaimba kwa macho yaliyofumbwa, na mwenye usukani naye karibu afumbe.

"Mama yangu!" Akaurudisha usukani, akapunguza mwendo, kwaya ikapita kwa amani hadi ubeti wa mwisho. Akaangalia tena: kioo, kidevu, peupe. Akahama taratibu, laini kama anayepaka mafuta.

Shemeji akageuka nyuma. "Kaka, ufunguo uache ulipo."

Fundi saa alishikwa na hisia ambazo saa hazijawahi kumpa. Akafungua mkanda, akajipenyeza katikati ya viti viwili mpaka kichwa kikafika karibu na dashibodi, akasafisha koo.

"Mke wangu," alisema, "wengi wana macho lakini wewe leo umeona. Umeishinda barabara, umeishinda shingo yako, umeniheshimisha mimi na ukoo wangu wote. Nataka neno moja kutoka kwako, tulikumbuke siku zote."

"Toa kichwa," alisema Mama Vioo. "Unaniziba kioo."