Mzee Chaji na Kisigino Chake

Ukifika Voi useme unamtafuta Phineas Nzioka, watu watakuangalia tu. Sema Mzee Chaji, utapelekwa hadi mlangoni, ila usimwambie umemuulizia kwa jina gani. Huyo ni babu yetu, na hilo jina alilipata asubuhi moja mwaka wa 1979, akiwa hana suruali.

Kazi yake ilikuwa kutembea. Reli ilimlipa ashike nyundo, akague vyuma kuelekea upande wa Maungu, kisha arudi. Sasa kisigino kikaanza kumuuma, kila akiamka ni kama amekanyaga msumari. Akachechemea hadi msimamizi akaona.

"Nzioka, mwezi ukiisha kama hutembei sawa, naweka mtu mwingine."

Na kazi ikienda, nyumba ya reli inaenda nayo, na Wanza na wadogo zake wako ndani.

Hospitali ya serikali ilikuwa hapo tu. Lakini babu alikuwa amesikia kuna Josephat, nyuma ya maduka, anatibu maumivu kwa mashine ya kupiga mtu stima. Akaenda kuchunguza kwanza, si ati alikuwa mjinga kabisa. Akakuta foleni imezunguka jengo. Kwa akili yake ya kununua maharagwe soko la Njukini, penye watu wengi ndipo penye mali safi. Ukutani kulikuwa na leseni. Kusoma hakukuwa kazi yake, lakini muhuri aliujua. Akaamini.

Kila mtu kwenye foleni alikuwa amebeba betri ya gari. Babu akaona, sawa, hapa mgonjwa anakuja na stima yake. Kesho yake akaazima betri kwa jirani, akaibeba na hicho kisigino.

"Vua suruali," Josephat akamwambia. "Hiyo zipu ni chuma, itavuta stima."

Akavua. Mguu ukawekwa kwenye karai la maji ya chumvi, waya huku, waya huku, swichi ikawashwa.

Mpaka leo hasemi alisikia nini. Kinachojulikana ni kwamba karai liligonga mlango, na babu akatokea nje na shati na soksi moja.

"Mzee, umejaa?" mtu wa foleni akamuuliza.

"Bado. Huyo ni nusu chaji," mwingine akajibu.

Hiyo angevumilia. Lakini pale kwenye foleni, betri kichwani, alikuwa Syombua, mama mkwe wake. Kwetu Wakamba, mwanaume na mama mkwe hawaangaliani ovyo hata kama amevaa koti na tai. Wakikutana njiani, mmoja anapisha pembeni. Babu hakuwa na pembeni. Alikuwa na shati, nalo lilikuwa fupi.

Syombua akageukia ukuta, akaongea na mwanamke wa mbele yake.

"Mwambie baba Wanza avae. Halafu aende hospitali. Sisi hapa tumekuja kuchajisha betri."

Mwanamke akamwambia vilevile, kana kwamba hakuwa amesikia.

Hospitalini, daktari Milka aliangalia kisigino, akaangalia na mahali palipoungua.

"Aliyekufanyia hivi amesajiliwa na bodi ya madaktari?"

"Leseni nimeiona. Iko na muhuri."

"Ya kutibu watu?"

"Hayo maandishi sikuyasoma."

"Mzee, leseni ya baraza ni ya kufungua biashara. Ya kwake ni ya betri. Kutibu ni ruhusa nyingine, inatoka Nairobi, na mtu hapewi kama hajasomea. Siku nyingine uliza hiyo kwanza. Kama hana, usivue hata kofia."

Akamwandikia mapumziko, akamfundisha kunyoosha mguu ukutani kila asubuhi, akamwambia aweke sponji ndani ya buti. Msimamizi alinung'unika, lakini nafasi ya babu ikabaki, akarudi kwa reli.

Nyanya, mke wake, ndiye aliyempelekea Syombua mbuzi wa kuosha ile aibu. Babu hakuthubutu. Mpaka yule mama akafa, alikuwa anazunguka soko lote asikutane naye. Hata leo, ukichomeka simu sebuleni, yeye huchukua kofia yake na kutoka nje.

Sasa na nyinyi, kwenu ni nani aliyejipeleka kwa tapeli kwa sababu ya foleni au muhuri? Andikeni hapo chini, msifiche kitu. Nitamsomea zote, ajue hakuwa peke yake.