Sanduku la Zihindula

Dative hakuwa na kichwa kizito. Shida ni kwamba maneno ya Kichina hayakutaka kumkaa kichwani mikono ikiwa mitupu, na pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa Mapendo, alikokuwa akifagia, mfagiaji hagusi vifaa. Mchina mwenye duka alikuwa amekwisha kusema: atakayevitaja vyote kwa Kichina Jumatatu ndiye atakayeuza. Wengine wakatafute kazi kwingine.

Nyumbani vifaa vilikuwapo, ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Lilikuwa la mumewe, Zihindula, fundi seremala aliyekwenda mji wa Kiwanja kuezeka nyumba ya mtu, vita vikafunga barabara nyuma yake, na tangu hapo kimya. Na katika ukoo ule, sanduku la fundi hufunguliwa na wengine siku moja tu, siku ya matanga yake.

Mama mkwe, Mukamugema, alilifuta vumbi kila asubuhi. Kila jioni alimwekea mwanawe sahani ya fufu, ugali wa muhogo, haiguswi mpaka asubuhi. Fufu, jamani, katika nyumba ambayo mtoto Ange alilala akilamba vidole!

"Mama, niko nafungua," Dative alisema Jumamosi. "Juu ya Ange, akule."

"Mama Ange, ukifungua, umemuzika. Na hatuyaona mwili."

Alifungua. Harufu ya mbao ilikuwa ile ile ya mashati ya Zihindula, na roho ilimuuma vibaya sana. Akashika nyundo: chuizi. Akashika koleo: chienzi. Maneno yaliyomtoroka mwezi mzima yakaingia moja baada ya jingine, na urahisi huo ndio uliomtisha. Mukamugema alikaa mlangoni, amempa mgongo.

Jumatatu Mchina alinyoosha kidole kwenye kila kifaa, na Dative akajibu bila kukwama. Akapewa koti la buluu la wauzaji. Akarudi nyumbani mbio mbio kama msichana.

Uani wanawake wa jirani walikuwa wamekaa chini, kwenye mawe meusi ya volkano. Mukamugema alikuwa amenyoa kichwa.

"Kuya ukae, binti yangu," alisema kwa upole. "Sasa tumulilie."

Dative alibaki amesimama na koti lake jipya, macho makavu. Kisha akamwona Ange kando ya jiko lililozimwa. Alikuwa anakula, na sahani ilikuwa ya baba yake.

Hapo ndipo Dative alipolia.