Mizizi ya Mtalali

Jirani yangu hapa Singida mjini akichemsha magome kwa ajili ya kikohozi cha wanawe, harufu huruka ukuta na kuingia moja kwa moja jikoni kwangu. Ni harufu ya mti uliolowa na moshi, chungu kiasi kwamba unaisikia ulimini kabla hujaonja chochote. Wapo wanaoipenda. Mimi huacha ninachofanya nikafunga dirisha, hata kama ndani joto halivumiliki. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Mama alipougua tulikuwa tunaishi kijijini, upande wa Mtinko, kwenye nyumba ya tembe iliyozungushiwa ua wa minyaa. Nilikuwa mdogo, nina pengo la meno ya mbele. Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Alipelekwa hospitali akakaa huko mpaka nikaanza kuisahau sauti yake, kisha Baba akarudi naye amelala juu ya godoro kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Daktari alikuwa amesema amrudishe nyumbani na ampe chochote anachotamani kula. Baba alitueleza maneno hayo kama habari njema, nami nikayapokea hivyo hivyo. Mtu anayeruhusiwa kula anachotaka, niliwaza, huyo anaumwa nini tena?

Baba hakuwa mtu wa miti. Alikuwa Mnyiramba aliyekuja kuoa kwa Wanyaturu, mfugaji, na kwake majani yote yalikuwa ya aina mbili tu: yanayoliwa na ng'ombe na yasiyoliwa. Aliyeijua miti ni Mama. Kabla hajaugua, kwenda naye porini kuchuma mlenda kulichukua siku nzima, maana alisimama kwenye kila kichaka akakitaja na kazi yake, kama anayesalimiana na watu njiani. Mkole ni fimbo za wachungaji, kamba za kufungia kuni na matunda ya watoto. Mgunga ni kikohozi. Mkwaju ni uji wa mtu asiye na hamu ya kula. Majani ya mlama ni ya tumbo la kuendesha. Utomvu mwekundu wa mninga hakutaka niuguse, akisema doa lake halitoki kwenye nguo hata ufue na nini.

Basi majirani wakaanza kuja kumwona mgonjwa, kila mmoja na mti wake mdomoni. Baba akawa anatoka asubuhi na jembe na panga, anarudi jioni na mizigo. Shida ikawa majina. Wao walimtajia miti kwa Kinyaturu, yeye akaisikia kwa Kinyiramba, na huko katikati mti ukageuka mwingine. Siku moja alirudi na mizizi minene ajabu, vidole vimechubuka kwa kuchimba, akaiweka mbele ya Mama. Mama akaugeuza mmoja, akaunusa, akaanza kucheka huku ameshika tumbo.

"Baba Tatu," alimwambia, akimwita kwa jina langu, "huu mti tunachongea mipini ya majembe."

Tulicheka wote, na Baba pia. Nakikumbuka sana kicheko kile kwa sababu hakuna kingine ninachokikumbuka baada yake.

Tangu siku hiyo Mama akawa anachagua mti mwenyewe, na akaagiza niwe nafuatana na Baba kwa sababu mimi nilikuwa nimefundishwa kuitambua. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, alikuja kukaa naye. Kwanza tulitumwa karibu, mkunazi ulio nyuma ya kisima. Kisha tukatumwa mbali kidogo. Kiangazi kilivyozidi kukausha nchi, miti nayo ikawa mbali zaidi, na mimi, nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na Baba peke yangu kama siku zile. Alinishika mkono kwenye majabali, alinisubiri nilipochomwa na mbigili, na nilipomwonyesha mti sahihi aliniita mganga wake.

Tuliporudi, kila mara tulikuta sakafu imenyunyizwa maji, Mama ameogeshwa na kubadilishwa kanga, amelala kimya. Midomo yake ilikuwa na vidonda. Nilidhani ni kiu. Baba alichemsha tulicholeta, Mama akanywa mpaka mashapo ya chini kabisa, akasema leo anaona nafuu. Baba alitoka nje, nami nilimsikia akiwaambia ng'ombe zizini kwamba leo ana nafuu.

Halafu ikafika asubuhi ambayo Mama alitaka mizizi ya mtalali. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana. Alisema anautaka wa kwao, kwenye bonde lililo nyuma ya vilima vya mawe, mahali alipozaliwa. Baba akamwambia mitalali ipo hata hapa karibu, si lazima twende kote huko.

"Nataka wa kwetu," Mama alisema. "Msirudi bila huo."

Baba alimtazama mama mdogo. Mama mdogo aliinamisha uso. Basi tukachukua dumu la maji tukaondoka.

Upepo wa kwetu mnaujua, siku ile ulivuma na mchanga mpaka tukawa tunatembea tumefumba macho nusu. Nilichoka kabla hatujafika vilimani. Baba akanibeba mgongoni, kisha naye akachoka, tukakaa kwenye kivuli cha jabali. Nikalala. Hakuniamsha. Nilipoamka jua lilikuwa limegeuka upande wa pili, na yeye alikuwa ameketi pale pale akinikinga upepo kwa koti lake. Tukashuka bondeni, tukaupata mti, akachimba.

Wakati wa kurudi, tulipofika kwenye shamba la mabua ya alizeti, tuliona watu nyumbani kwetu. Wanawake walikuwa wameketi chini nje, na hapakuwa na moshi jikoni. Baba hakukimbia. Alipunguza mwendo. Aliwapita wale wanawake bila salamu, akaingia na mizizi yake, nikamsikia akimwambia mama mdogo abandike sufuria.

"Shemeji," mama mdogo alisema, "weka hiyo chini."

Hakuiweka. Aliwasha moto mwenyewe, akaiosha, akaikatakata, akaichemsha. Hakuna aliyemzuia. Alikaa mbele ya lile sufuria mpaka maji yakakauka na mizizi ikaanza kuungua, na harufu ile ikaenea nyumba nzima alimokuwa amelazwa Mama.

Nilikuwa nimeshaolewa mama mdogo aliponieleza, siku moja tukichambua maharage kwake. Alisema Mama alikuwa akipiga kelele za maumivu ambazo hakutaka mimi na Baba tuzisikie. Alijua yanavyoanza, na alipoyasikia yanakuja alitafuta mti wa kututuma. Yakiwa makali, alituma mbali. Nikamuuliza ule mtalali ulikuwa wa kutibu nini. Akasema kwao hakuna aliyewahi kumpa mgonjwa mizizi ya mtalali. Walikula matunda yake walipokuwa wakichunga mbuzi, basi.

Kiangazi kilichopita nilienda kijijini kumweleza Baba. Miaka yote hii amekuwa akisema kwamba tusingekaa pale kwenye jabali, Mama angekunywa dawa akapona. Nilitaka kumtua mzigo huo. Nilimweleza taratibu, neno kwa neno, naye akanisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo.

"Mama yako mdogo hajui miti," alisema. Akaigeuza fimbo yake, kisha akasema tena, "Tungewahi."

Sikubishana naye. Niliona kwamba heri kwake awe mtu aliyechelewa na dawa, kuliko kuwa mtu aliyekuwa bondeni akichimba mizizi isiyo na kazi huku mkewe anakufa. Mama alidhani anatuepusha na kitu. Tulichoepushwa nacho ni yeye mwenyewe, na hakuna mti ninaoujua, kati ya yote aliyonifundisha, wa kutibu hilo.

Lipo jambo lingine aliloniambia mama mdogo ambalo sikumweleza Baba, na sitamweleza. Mchana ule, tulipokuwa kwenye jabali, Mama alianza kuuliza kama tumesharudi. Aliambiwa bado. Akawa anauliza, na kuuliza, mpaka alipoacha.