Jedwali la Wake

Juzi, katika ofisi ya ushirika wa maziwa hapa Kanyakine, mjane mmoja alikataliwa kuuza maziwa kwa jina lake.

"Kompyuta imekuweka kwa jedwali la wake wa wanachama," karani alisema. "Kuhamia jedwali la wanachama wenyewe, lazima mzee wako akubali."

"Mzee tulimzika."

"Pole, mama. Lakini kompyuta bado inamngoja."

Mama akaweka mtungi juu ya kaunta, akaketi. "Basi tumngoje pamoja."

Fundi aliyepanga majedwali hayo akaitwa. Alitazama mtungi, akashusha macho. "Nitaandika watu wote pamoja katika jedwali moja, mama. Majina ya mke na mwanachama yakae kando ya kila mtu, na mtu aweze kuwa hata yote mawili."

"Panga. Sitoki."

Maziwa yalipokelewa kwa jina lake.

Mimi pia nimefiwa. Asubuhi ya mazishi ng'ombe wetu alikamuliwa, na namshukuru Mungu kwamba ng'ombe huyo hakudai idhini ya marehemu.